Kutafuta nyumba ya kupanga mtaa wa Wedding, Berlin: nisaidieni kuchagua kati ya tatu

Kutoka: muuguzi, Sachsen

Shikamooni kaka na dada zangu. Wenzangu wa rika langu, habari za siku nyingi.

Nimemaliza mafunzo ya uuguzi na nimepata kazi hospitali moja Berlin, upande wa Wedding. Naanza baada ya wiki saba. Miaka mitatu yote nimekaa mji mdogo, chumba nilipewa na mwajiri, kwa hiyo kutafuta nyumba mwenyewe ndiyo mara yangu ya kwanza. Nimetuma maombi zaidi ya 90 na kujibiwa 11. Nimeitwa kuangalia nyumba nne. Moja wapo, foleni ilianzia mlango wa ghorofa ya tatu ikateremka ngazi mpaka barabarani, kila mtu na faili lake kwapani.

Wapo wanaoniambia Wedding ndio mtaa unaopanda, niwahi kabla haujawa na bei za Prenzlauer Berg, mtaa wa ghali. Wapo wanaoniambia nisithubutu, kwamba uwanja wa Leopoldplatz usiku si pa mwanamke aliye peke yake. Mkononi nina tatu.

Ya kwanza ni chumba kimoja chenye jiko na bafu, karibu na Leopoldplatz, kina kila kitu mpaka vijiko, mkataba wa miezi 12. Bei yake inakula karibu nusu ya mshahara. Ya pili ni chumba ndani ya nyumba ya binti mmoja, bei nafuu sana, ila amesema jina langu lisiwekwe kwenye kengele na "Anmeldung haiwezekani", yaani siwezi kujiandikisha kwa anuani hiyo. Ya tatu iko Afrikanisches Viertel (Mtaa wa Kiafrika, humo humo Wedding), vyumba viwili vidogo, mkataba hauna mwisho, lakini haina jiko, haina kabati, haina hata taa, nyaya tu zinaning'inia darini. Na mkataba wake umeandikwa "Indexmiete", neno ambalo sijawahi kulisikia.

Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Naombeni ushauri wenu.

Kutoka: dada, Wedding

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Miaka mitatu ya mafunzo kwa Kijerumani si kazi ndogo.

Mimi nakaa Wedding tangu 2011, nyumba ya uani, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Nikupe jibu langu kwanza ndipo nieleze: chukua ya tatu, kama utaridhika na majibu ya maswali mawili nitakayokutajia huko chini. Usiangalie vijiko na taa. Angalia karatasi. Kwenye mtaa ambao bei zinapanda, kinachokuweka ndani ya nyumba si mwenye nyumba mwema wala bei nzuri ya siku ya kwanza. Ni aina ya mkataba uliosaini.

Ile ya binti, achana nayo leo. Sheria inasema ukihamia lazima ujiandikishe ofisi ya wilaya ndani ya wiki mbili, na anayekupangisha lazima akupe karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia, inaitwa "Wohnungsgeberbestätigung". Anayekataa kuitoa mara nyingi anapangisha bila ruhusa ya mwenye nyumba. Siku akigundulika, yeye atapoteza mkataba wake na wewe utatoka naye, hata kama hujakosea lolote. Halafu fikiria barua zako. Hapa tarishi hatafuti mtu, anatafuta jina kwenye sanduku. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Barua ya ofisi ya wageni, kadi ya benki, bima ya afya, yote yanapita kwenye sanduku lile. Dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye alikaa hivyo miezi mitano, akakosa miadi ya kuongeza kibali chake kwa sababu barua haikumfikia. Alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumsaidia.

Sasa chumba chenye kila kitu. Nakuomba unielewe vizuri hapa, maana ndipo wageni wengi wanapoumia Wedding siku hizi.

Berlin kuna sheria ya kuzuia kodi mpya isiruke, "Mietpreisbremse", ilianza 2015 na imeongezwa muda mpaka mwisho wa 2029. Kwa ufupi, mtu mpya anapopangishwa, kodi haitakiwi kuzidi kodi ya kawaida ya eneo lile kwa zaidi ya asilimia 10. Hiyo kodi ya kawaida inasomwa kwenye jedwali la jiji, "Mietspiegel", unaingiza anuani, mwaka nyumba ilipojengwa na ukubwa wake. Lakini sheria ina milango ya kutokea. Nyumba iliyoanza kutumika baada ya tarehe 1 Oktoba 2014 haimo. Iliyokarabatiwa upya kabisa haimo kwa mpangaji wa kwanza. Kodi ya mpangaji aliyetangulia ikiwa tayari ilikuwa juu, inaweza kubaki pale pale. Na nyumba inayopangishwa "kwa matumizi ya muda mfupi" haimo. Huo mlango wa mwisho ndio wanaopita nao. Wanaweka kitanda, meza na vijiko, wanaandika miezi 12, wanaita makazi ya muda, wanapandisha bei wapendavyo. Jengo langu lina nyumba 22. Nilipohamia hakuna hata moja iliyokuwa hivyo. Leo ziko sita, na kila baada ya mwaka naona masanduku mengine ya nguo yanapandishwa ngazi.

Ujue pia kwamba mkataba wa muda, kwa kawaida, lazima uwe na sababu inayotambuliwa na sheria, iliyoandikwa: mwenye nyumba atahitaji kuishi humo mwenyewe au ndugu zake, au atabomoa au kukarabati sana, au nyumba ni ya mfanyakazi wake. Bila sababu hiyo mkataba unahesabika kuwa hauna mwisho. Na wewe unayekuja na kazi ya kudumu hospitalini si mtu wa makazi ya muda mfupi, chochote kilichoandikwa juu ya karatasi. Kwa hiyo hata ukilazimika kukichukua chumba kile kwa kukosa pengine, usiende kimya kimya. Ukishaingia, chukua mkataba nenda nao kwa washauri wa wapangaji. Wilaya zote za Berlin zina ushauri wa bure kwa wapangaji, siku maalumu, na Mieterverein, chama cha wapangaji, kuna wanasheria kwa ada ya mwaka ya uanachama. Kodi ikionekana imezidi, unamwandikia mwenye nyumba barua ya kulalamika. Ukiiandika ndani ya miezi 30 tangu mkataba uanze, unaweza kudai kilichozidi kuanzia mwezi wa kwanza. Ukichelewa, unadai kuanzia siku ya barua tu. Watu wetu wengi wanaogopa barua hiyo, wanadhani watafukuzwa. Kudai haki yako si sababu ya kufukuzwa.

Nyumba ya tatu. "Indexmiete" maana yake kodi imefungwa kwenye kipimo cha bei za bidhaa nchini. Bei zikipanda, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi kwa kiwango hicho hicho, ila kati ya ongezeko moja na jingine lazima upite angalau mwaka mmoja. Miaka ya bei tulivu watu waliifurahia. Ikaja 2022, bei zilipanda kwa asilimia 6.9, na wenye mikataba hiyo wakapata barua. Mkataba wa kawaida usio na kipimo hicho ungekuwa bora kwako, kwa sababu huko mwenye nyumba wa Berlin hawezi kuzidisha asilimia 15 ndani ya miaka mitatu, na hawezi kuvuka kodi ya kawaida ya eneo. Lakini "Indexmiete" nayo kodi yake ya kuanzia inabanwa na ile sheria ya 2015, na anayeitumia hawezi kukuletea ongezeko la "kodi ya eneo imepanda". Kwenye mtaa unaopanda haraka hilo si dogo. Mimi ningeikubali, huku nikiweka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya barua itakayokuja.

Maswali mawili niliyokuahidi ni haya. La kwanza: je, nyumba hii ni sehemu ya jengo zima la mtu mmoja, au imeshagawanywa ikawa mali inayouzwa peke yake? Hapa Berlin, mpangaji akiwa tayari ndani wakati nyumba inagawanywa na kuuzwa, mnunuzi hawezi kumtoa kwa sababu ya "nataka kuishi mwenyewe" kwa miaka 10. Lakini ukihamia baada ya kugawanywa, kinga hiyo huna. Watu wawili, mishahara sawa, kodi sawa, mmoja analala usingizi na mwingine anasubiri barua. La pili: mpangaji aliyetangulia alilipa kiasi gani? Kama bei imezidi ile asilimia 10 kwa kisingizio cha mpangaji wa zamani, anatakiwa akuambie kabla hujasaini. Uliza kwa maandishi.

Kuhusu amana, "Kaution": haizidi kodi baridi ya miezi mitatu. Kodi baridi ni ile bila joto na gharama za jengo. Kama ni euro 600, amana haivuki 1,800, na una haki ya kuilipa mafungu matatu, la kwanza siku mkataba unapoanza. Wapo watakaokuambia ulete zote kabla ya funguo. Sema kwa adabu kwamba utalipa mafungu. Na asiyekuonyesha nyumba ndani, anayesema yuko nje ya nchi na atatuma funguo kwa posta, usimtumie hata senti. Dalali naye analipwa na aliyemwita, ni sheria tangu 2015. Kama aliitwa na mwenye nyumba, si wewe wa kumlipa.

Sasa mtaa wenyewe. Kwa miaka mingi Wajerumani wamesema "der Wedding kommt", yaani Wedding inakuja. Nilipofika walikuwa wanasema, na bado wanasema. Ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa viwanda, baadaye ikapakana na Ukuta wa Berlin, kodi zikawa za chini, ndiyo maana sisi, Waturuki, Waarabu na wanafunzi tukapata pa kuingia. Kilichobadilika kweli machoni pangu ni Novemba 2020, uwanja wa ndege wa Tegel ulipofungwa. Kabla ya hapo ndege zilipita juu ya Kurt-Schumacher-Platz chini kiasi kwamba ukiwa dukani unasoma maandishi ubavuni. Mazungumzo yalikuwa yanakatika, unasubiri, unaendelea. Ukimya ulipokuja tulishukuru. Lakini kelele ile ndiyo iliyokuwa imeshikilia bei chini.

Leopoldplatz sitakuficha. Kuna watu wanaotumia dawa za kulevya, wako pale mchana na usiku, kwenye ngazi za treni na kando ya kanisa. Nimerudi zamu saa nane za usiku miaka mingi. Nimeombwa hela, nimepigiwa kelele, sijaguswa. Lakini huo ni mwili wangu na bahati yangu, siwezi kukuapia. Unachoweza kufanya ni kutembea njia yenyewe kutoka hospitali mpaka mlangoni, saa ile ile utakayokuwa unatoka kazini, kabla hujasaini. Usiende Jumamosi mchana jua likiwaka ukadhani umeuona mtaa.

Nimalizie na jambo lililonipata, ujue namna mambo yanavyoweza kugeuka. Mwaka 2020 jiji lilipitisha sheria yake ya kushusha kodi, "Mietendeckel". Novemba ile kodi yangu ilishuka zaidi ya euro 100 kwa mwezi. Kwenye jengo letu watu walikumbatiana ngazini. Bibi wa Kijerumani wa ghorofa ya chini yangu, mtu aliyekaa humo tangu Ukuta ukiwepo, aliniita jikoni kwake akaniambia: hiyo tofauti usiile, iweke. Nikaiweka. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yote, jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Ndani ya wiki mbili mwenye nyumba wetu akaandika, anataka tofauti yote irudi. Mimi nilikuwa nayo. Familia ya ghorofa ya pili, watoto watatu, hawakuwa nayo. Walikopa, wakachelewa, mwaka uliofuata wakahamia Spandau. Mtoto wao mkubwa alikuwa ananibebea maji ya kunywa mpaka ghorofa ya nne.

Nikuombe kitu kimoja: ukishahamia, gonga milango ya majirani. Jitambulishe. Yule bibi ndiye aliyeniokoa, na tulifahamiana kwa sababu nilimpelekea sukari siku moja.

Kutoka: kaka, Moabit

Dada amesema yote makubwa, naongeza ya mikono tu. Mimi hufanya kazi ya usimamizi wa majengo, kwa hiyo haya nayaona kila wiki.

Siku ya kukabidhiwa funguo, usikubali haraka. Kuna fomu ya makabidhiano, "Übergabeprotokoll". Andikeni namba za mita zote, umeme, gesi kama ipo, maji, na vipimo vya joto kwenye kila rejeta. Hesabu funguo. Piga picha kila pembe ya dari, nyuma ya mlango wa bafu, chini ya sinki, fremu za madirisha. Doa lisiloandikwa siku ya kuingia linakuwa doa lako siku ya kutoka. Kama nyumba unapewa haijapakwa rangi, iandikwe hivyo. Mahakama Kuu ya nchi iliamua 2015 kwamba aliyepewa nyumba ambayo haijakarabatiwa, bila kufidiwa, halazimishwi kuipaka rangi anapoondoka, hata mkataba ukisema vinginevyo.

Ukungu wa kuta. Hili linagombanisha watu wetu na wenye nyumba kuliko kitu kingine. Nyumba za zamani kuta zake ni baridi, na sisi tunapika vyakula vya mvuke mwingi, tunaanika nguo ndani, tunaogopa kufungua dirisha Januari. Pembe nyuma ya kabati inaanza kuwa nyeusi. Fungua madirisha yote wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, mara tatu kwa siku, kisha funga. Usiliache dirisha limefunguliwa kidogo tu kutwa nzima. Hapo joto linatoka, ukuta unapoa, na unyevu unakaa pale pale. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha upana wa kiganja. Na ukungu ukitokea, andika siku hiyo hiyo, na picha. Usipotoa taarifa, unaweza kudaiwa wewe. Ukitoa taarifa na hawatengenezi, una haki ya kupunguza kodi, lakini kiasi gani usikipange peke yako, muulize mwanasheria wa wapangaji. Nimeona mtu amekata nusu kwa hasira akapewa notisi kwa deni la kodi.

Jiko: muulize mpangaji anayeondoka kama anaacha lake. Ni jambo la kawaida kununuliana. Bei ilingane na kitu kilivyo. Ukinunua la mtumba kwingine, jiko la umeme liunganishwe na fundi wa umeme aliyesajiliwa, usimwachie rafiki. Umeme wenyewe chagua kampuni siku za mwanzo, usipochagua unaangukia kampuni ya msingi ya eneo, na mara nyingi bei yake ni ya juu. Pia utaandikiwa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Usiitupe barua ile.

Kila mwaka utaletewa hesabu ya joto na gharama za jengo. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Akichelewa, kwa kawaida hawezi tena kukudai nyongeza, lakini kama wewe ndiye unayerudishiwa, bado unamdai.

Kutoka: mzee, Afrikanisches Viertel

Binti, karibu sana kwetu. Mimi niko mtaa huu tangu 1994.

Nataka nitofautiane kidogo na mwanangu wa Wedding. Kabla ya Ijumaa hiyo, au hata baada yake, jiandikishe kwenye makampuni ya nyumba ya jiji. Yako sita: degewo, Gesobau, Gewobag, Howoge, Stadt und Land, na WBM. Matangazo yao yanawekwa pamoja kwenye tovuti ya inberlinwohnen. Omba pia cheti cha "WBS", kinachomruhusu mwenye kipato kisichozidi kikomo kupanga nyumba za bei nafuu zinazosaidiwa na serikali, ofisi ya nyumba ya wilaya. Mshahara wa mwanzo wa muuguzi anayeishi peke yake unaweza kuwa umezidi kikomo, au usizidi, lakini kuuliza si kosa. Vijana wengi wanaruka hatua hii kwa kudhani ni ya wasio na kazi. Mimi nyumba yangu ni ya namna hiyo, na ndiyo sababu bado nipo hapa huku mtaa wote umebadilika mbele ya macho yangu.

Na kama umeandika maombi 90 ukajibiwa 11, usijilaumu wewe. Tunajua jina linasomwaje. Kubaguliwa kwa asili yako katika kupangisha nyumba kunakatazwa na sheria ya 2006, lakini ukiwa na ushahidi unatakiwa kudai ndani ya miezi miwili. Hifadhi kila barua pepe. Mwaka mmoja nilimwomba jirani Mjerumani ajibu tangazo lile lile nililojibiwa kwamba nyumba imekwenda. Aliitwa kesho yake. Sikudai, sikujua muda unakwisha. Nimelijutia hilo miaka mingi.

Neno moja kuhusu mtaa wenyewe, maana nyumba si kuta tu. Utakuta hapa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Majina haya yaliwekwa na ukoloni, hayakuwekwa kwa kutupenda. Kulikuwa na Petersallee, jina la Carl Peters, mtu ambaye babu zetu walimwita mkono wa damu. Agosti 2024 kibao kile kilishushwa. Upande mmoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke shujaa wa Namibia, upande wa pili Maji-Maji-Allee. Nilikuwepo nimesimama na fimbo yangu. Ilichukua miaka na miaka ya mikutano, barua na kesi za majirani waliopinga. Na Neukölln, iliyokuwa Wissmannstraße imekuwa Lucy-Lameck-Straße tangu 2021, mama yetu aliyekuwa mwanasiasa wa Tanzania. Ukiandika anuani yako kwenye fomu za kazi, ujue unaandika nini.

Kutoka: muuguzi, Sachsen

Asanteni sana, nimesoma barua zenu mara tatu, ya mzee nikamsomea mama kwenye simu.

Jana nilipanda treni ya alfajiri nikaenda. Nilitembea kutoka hospitali mpaka Maji-Maji-Allee, dakika 34 kwa miguu, kisha nikarudi tena usiku saa nne na nusu baada ya kupumzika kwa rafiki. Pale Seestraße pana mwanga mwingi. Ukishaingia mitaa ya ndani pako kimya, niliwakuta wanaume wawili wanatembeza mbwa na bibi mmoja anamwaga taka.

Wasimamizi wamejibu kwa maandishi. Jengo lote ni la mmiliki mmoja, halijagawanywa. Mpangaji wa zamani alilipa chini ya ninavyoombwa mimi, tofauti ni euro 38. Nimeingiza anuani kwenye jedwali la jiji, naona nimo ndani ya asilimia 10, kwa shida lakini nimo. Amana nimeomba mafungu matatu, wamekubali bila neno, nikashangaa. Nasaini kesho. WBS pia nimeomba fomu, mzee.

Kilichobaki ni jiko. Mpangaji anayeondoka anataka euro 1,200 kwa kabati tatu, sinki na jiko ambalo plate mbili haziwaki.

Kutoka: dada, Wedding

Mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimesimama.

Usimpe 1,200. Mwambie kabati na sinki unaweza kuzichukua kwa bei ya haki, jiko abaki nalo au aliondoe. Asipotaka, aondoe vyote, ni wajibu wake. Mimi nina jiko la umeme nililolibadilisha mwaka jana, plate nne zote zinawaka, liko kwenye chumba cha chini ya jengo limefunikwa shuka. Ni lako. Kaka wa Moabit, tafadhali mtafutie fundi aliyesajiliwa wa kuliunganisha, na tupate wanaume wawili wa kulipandisha ngazi.

Taa nazo usinunue bado. Siku ya funguo njoo na futi ya kupimia na daftari, tupime ukuta wa jikoni pamoja kabla ya kitu chochote kuingia. Nitakuja na balbu mbili na ngazi.